Mama aliacha mfuko wa nyuzi, nataka nifume kofia za watoto njiti kwa kumbukumbu yake. Nianzie wapi?

BintiKibosho
Habari zenu wapendwa. Mama yangu alifariki Julai mwaka jana, mwaka unakaribia kutimia. Alikua anafuma masweta ya shule hapa Moshi, mashine ipo sebuleni, yani kuanzia Oktoba mpaka shule zifunguliwe Januari nyumbani hakuna pa kukaa, kila kiti kina mafungu ya maruni, kijani na bluu. Kila sweta alikua anatia mshono mmoja mweupe ndani ya shingo, ndo alama yake ya kujua hii kazi ni yangu.

Juzi nimefungua kabati lake nikakuta mfuko wa salfeti umejaa mabaki ya nyuzi, yote ameyazungusha vizuri, na katikati kuna sweta dogo la mtoto la kufuma kwa mkono, limeishia kwenye makwapa na sindano ziko humohumo. Sijui lilikua la nani. Nilikaa chini nikalia sana.

Ndugu wanataka siku ya misa ya kumbukumbu tuchinje, watu wapande Kibosho wale wanywe, na mimi sikatai. Ila moyo wangu unataka kitu kilichotoka mkononi. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa njiti na mama alitusimulia alivyomvalisha soksi ya baba kichwani kwa kukosa kofia, ndo nikawaza kofia za njiti nipeleke hospitali. Kufuma kwa sindano mbili najua ile ya kawaida. Je hospitali wanapokea? Uzi wa masweta ya shule unamfaa mtoto mchanga? Na lile sweta nilimalizie au niliache?

Nesi_wa_zamu
Pole sana dada. Nimefanya wodi ya watoto wachanga miaka mingi, kofia ni kitu tunachokihitaji kweli. Kichwa cha njiti ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake alafu hana mafuta chini ya ngozi, joto linapotea haraka. Akiwekwa kifuani kwa mama, ile tunaita kangaruu, iliyoanzia Bogotá kule Colombia mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto hazitoshi, anavaa nepi, soksi na kofia tu. Na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limesema aanze kifua kwa kifua mapema baada ya kuzaliwa, asisubiri mpaka atulie.

Vipimo ndo watu wengi wanakosea, wanaleta kofia za mtoto wa miezi mitatu inamshuka mpaka mdomoni. Aliyezaliwa wiki 28 kichwa chake ni kama sentimita 25 kuzunguka, chungwa kubwa hilo. Wa wiki 32 kama 29. Aliyetimia ni 35 hivi. Kofia iwe ndogo kidogo kuliko kichwa na ukingo uvutike. Usiweke vifungo, utepe wala kibonge cha juu. Mafundo yote yafiche vizuri, uzi uliolegea unaweza kunasa kidole.

Kabla hujafuma hata moja nenda kaonane na metroni wa wodi umuulize wanachohitaji, hospitali ya Mawenzi au KCMC hapo Moshi, kote utaelekezwa. Siku ya kupeleka zifue kwa sabuni isiyo na manukato, zikauke kabisa, funga kwenye mfuko safi.

MamaNyuzi_Arusha
Mwanangu pole. Nafuma hapa Kijenge tangu ujana wangu. Uzi wa shule mwingi ni akriliki, hauna shida, lakini ushike uupitishe juu ya mdomo wako wa juu, ukiwasha hapo usimpe mtoto. Na maruni inatoa rangi! Loweka kwenye maji ya vuguvugu kisha kamulia kwenye kitambaa cheupe, ikiacha alama rudia mpaka ikome, isipokoma iache. Ukiishiwa nenda Kiboriloni kwenye mitumba, tafuta sweta laini la mtoto, fumua, osha, tundika na kitu kizito uzi unyooke. Sisi tumefanya hivyo miaka yote.

Kuhusu sweta lake, malizia, usifumue hata mstari mmoja wa mama yako. Ila ujue mkono wake na wako havibani sawa, patatokea mstari pale alipoishia yeye ukaanzia wewe. Usijisumbue kuuficha. Mimi ninalo blanketi la dada yangu la hivyo, kila nikilikunja kidole kinaenda pale.

Abuu_wa_Ngarenaro
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Dada sisi tumefundishwa binadamu akifa amali zake zinakatika ila tatu, sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemuombea. Mimi sio wa dini yako lakini naona unazo zote hapo. Ukiweza wafundishe na mabinti wawili watatu wa mtaani kufuma.

Weka na kadi, uandike kwa kumbukumbu ya marehemu mama fulani, watu wamuombee.

Mama_Pacha
Kaka Abuu nakuheshimu, hapo kwenye kadi nakataa. Nilikaa wodini wiki 5 na mapacha wangu na kila usiku nilikua naogopa, ningepewa kofia imeandikwa marehemu nisingeivalisha, ningeona ni mkosi, Mungu anisamehe. Tulipewa kofia za njano na nesi, aliyezifuma sijawahi kumjua, ninazo mpaka leo na watoto wako darasa la pili. Dada peleka bila maandishi.

Abuu_wa_Ngarenaro
Umesema kweli mama, sikuwaza hilo. Nimeondoa wazo la kadi.

BintiKibosho
Asanteni sana, nimesoma nikiwa na mfuko miguuni. Leo nimeonana na metroni, mama mpole kweli, anataka zaidi zile ndogo za sentimita 25, za kubwa wanaletewa. Maruni imetoa rangi kama alivyosema mama wa Kijenge, nimeloweka mara ya pili. Ya kijani haijatoa kitu.

Kadi siweki. Ndani ya ukingo nitatia mshono mmoja mweupe. Ya kwanza nimeimaliza saa hizi, nimeivalisha chungwa imekaa.