Tupeane uzoefu: umewahi kupewa, kunyimwa au kuchukuliwa resipe ya glezi?

MajivuMengi
Wakuu habari za kazi. Hili jambo liko moyoni wiki ya pili sasa. Kuna glezi moja ya bluu (ule mchanganyiko unaopakwa kwenye vyombo vya udongo ukayeyuka tanurini ukawa kama kioo), ya koni 6, yaani kipimo cha joto la kuchomea, nilipewa na mzee mmoja mfinyanzi, tulikuwa tunapakia tanuri pamoja akafungua daftari akaniambia andika, sharti lake moja tu, ukimpa mtu mwambie imetoka kwa nani. Miaka ikapita nikampa mwenzangu kwa simu, haraka haraka, nikataja viungo na gramu basi. Juzi naiona ile ile kwenye maonyesho imepewa jina la huyo mwenzangu na kumbe anaifundishia darasa la kulipia, na mzee mwenyewe alikuwa amesimama pembeni yangu anasoma kile kikaratasi chenye jina lake. Hakusema kitu, akasogea meza nyingine. Mwenzangu simlaumu hata kidogo maana sikumwambia, kosa ni langu. Naombeni visa vyenu, nyie kwenye hili mnafanyaje?

KigaeChaTatu
Mimi nilipewa pungufu. Nilimuomba mtu glezi yake ya rangi ya asali, akaniandikia vizuri kabisa huku anatabasamu, nikachanganya kilo 2, nikachovya mabakuli 14 nikachoma. Kufungua tanuri glezi yote imeshuka chini, mabakuli yameganda kwenye rafu, nimebandua kwa patasi na rafu mbili zikaharibika. Ndo nikakaa kujumlisha namba zake nikapata 88. Najua sio kila resipe inafika 100 kamili, ila hii kaolini, ule udongo mweupe, haikuwepo kabisa, na kaolini ndo inaleta alumina inayoishika glezi isitiririke ikiyeyuka. Nilipoweka 12 ikatulia palepale. Nikamuuliza, akanijibu kila mtu huwa anaacha kitu kimoja. Angeniambia hii sitoi ningemheshimu mpaka leo, iliyoniuma ni kwamba alinipa.

MamaTanuri
Pole sana KigaeChaTatu. Changu mimi ndo niliyetoa. Nilimpa dada mmoja bluu yangu isiyong'aa, ile yenye bariamu na shaba, viungo vyote sahihi bila kuficha hata gramu. Mimi naipaka kwenye sanamu na vyungu vya maua tu, nimezoea hivyo kiasi kwamba haikunijia kabisa kumwambia. Baada ya miezi miwili ananitumia picha ya kunishukuru, vikombe vya chai, kavipaka ndani na nje. Mikono ilitetemeka. Bariamu kaboneti ni sumu, na glezi za aina hiyo zikikutana na kitu kichachu zinaachia. Nikampigia saa hiyo hiyo, akalaza kipande cha limau ndani ya kikombe kimoja, asubuhi anakiondoa, pale kilipokuwa pamepauka. Vinne alikuwa ameshauza, akawatafuta wote akavirudisha na hela yao akawapa. Tangu hapo resipe haitoki kwangu bila koni, bila kusema imechomwa tanuri likipata hewa ya kutosha au kwa kubana hewa, na bila kuandika kwa herufi kubwa chakula ndiyo au chakula hapana. Na barakoa wakati wa kupima unga, vumbi la silika, ule unga wa mchanga kwenye glezi, likishaingia kwenye mapafu halitoki. Halafu msidanganyike, limau lisipobadilisha rangi bado haimaanishi ni salama, hapo ni kupeleka maabara.

ShabaNyekundu
Nasema wazi, mimi moja sitoi. Nyekundu ya shaba, miaka 3, vigae vya majaribio zaidi ya 200, na ndo inalisha nyumba yangu. Zingine zote njooni na daftari. Nikikataa nakataa mtu akinitazama usoni na sababu nampa, kisha namuonyesha pa kuanzia, ile resipe ya 4-3-2-1 ya Bernard Leach, mfinyanzi maarufu wa Uingereza, feldspa (unga wa jiwe linaloyeyuka) 40, silika 30, chokaa 20, kaolini 10, koni 10. Hiyo karibu kila mfinyanzi anaijua na bado watu wanaitaja kwa jina la mwenyewe. Weka shaba kidogo na bati kidogo, bana hewa, pima, andika, choma tena. Na hata ningekupa yangu isingekutokea vile vile, feldspa yako siyo yangu, unene unaopaka siyo wangu, na tanuri lako linapoa kwa mwendo wake.

kidongo_kibichi
Ila kuficha nako hakufiki mbali mkuu. Meissen kule Ujerumani walifungua kiwanda cha kauri nyeupe (porcelain) 1710, siri ya kuitengeneza wakaifungia ndani ya ngome ya Albrechtsburg, kabla ya 1720 mafundi walishatoroka nayo mpaka Vienna.

ShabaNyekundu
Wale walifungia watu ndugu yangu. Mimi nimefunga ukurasa mmoja wa daftari langu.

KigaeChaTatu
Hapo nipo na ShabaNyekundu.

MajivuMengi
Nimewasoma wote asanteni. Mwenzangu nimeshamwambia, kabadilisha kile kikaratasi siku hiyo hiyo na kwenye darasa lake amesema atawaeleza wanafunzi. Jana jioni nikaenda kwa mzee kumuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda ndani akarudi na daftari lile lile, akanionyesha pembeni ya ile bluu kuna jina dogo la penseli limefifia, la mama aliyempa yeye. Kaniambia nikiandika nianze na huyo.