Kijana kupeleka magazeti asubuhi Mbeya: apange vipi, aanze saa ngapi?

Mlezi_Mafiati
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Kuna wakala wa magazeti hapa Mbeya mjini anatafuta kijana wa kupelekea wateja wa kila siku, nyumba na ofisi 40, kuanzia Mafiati kupanda mpaka Uhindini. Mwanangu ana miaka 15, na likizo ya Juni ndiyo hii. Baiskeli ipo, Phoenix yenye keria. Malalamiko ya wateja ni mawili: gazeti limelowa, au kurasa za kati hazipo. Naomba maelekezo kwa wanaoijua kazi hii.

KeriaNgumu
Mkuu, tuanze na saa. Mbeya tuko magharibi mbali na Dar, kwa hiyo jua letu linachelewa karibu nusu saa nyuma ya lao. Juni linachomoza karibu saa 1 asubuhi. Saa 11 alfajiri hapa ni giza totoro, namba ya nyumba haisomeki na mbwa hawajafungwa. Tena sheria inambana: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, na usiku kwa sheria hiyo ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kazi nyepesi inaruhusiwa kuanzia miaka 14, lakini asitoke nyumbani kabla ya saa 12. Mwambie wakala mapema. Aanze na nyumba, maana watu wanawahi kazini. Ofisi ziwe za mwisho.

Uzito usikutishe. Gazeti la kurasa 32 lina gramu 80 hivi, 40 ni kilo tatu na kitu. Kinachosumbua ni kuteleza. Karatasi juu ya karatasi inateleza, bando linapinda pembeni ya keria, na kwenye tuta la kwanza yako chini. Weka ubao mwembamba wenye upana wa gazeti chini yake, funika nailoni juu, kisha kaza kwa mipira ya tyubu iliyopishana msalaba. Asitumie kamba ya katani, inakata kingo za la juu na la chini, na hayo mawili hakuna mteja atakayeyapokea.

Mpangilio: nyumba ya mwisho iwe chini kabisa ya bando, ya kwanza juu. Anayechukua Mwananchi na Mwanaspoti, yafungwe pamoja toka kwa wakala. Akiyaacha mafungu mawili tofauti, moja litasahaulika tu.

Mama_Kibanda
Hizo kurasa za kati zisikuumize kichwa, baba. Gazeti halina pini, karatasi zimelaliana tu. Ukilibeba mgongo ukiwa juu na ukingo ulio wazi chini, la ndani linachomoka taratibu na hutajua. Migongo ielekee chini, au mbele kwenye mwendo. Siku zenye nyongeza, yaani kurasa za ziada za kuingizwa ndani ya gazeti, hiyo huja fungu lake peke yake na inachopekwa kwa mkono. Akae chini achopeke yote kabla ya kuondoka, asiseme atachopeka njiani.

Kuhesabu: kumi kumi, migongo kulia, kumi zinazofuata migongo kushoto. Likipungua moja aseme hapo hapo mbele ya wakala. Akishaondoka, pengo ni lake.

Kulowa sasa. Karatasi ya gazeti inakunywa maji kama kitambaa. Juni mvua hakuna, ila umande wa Mbeya ukilikuta gazeti chini ya geti kwa robo saa, ukurasa wa nyuma unaganda na wa ndani yake, ukiubandua unachanika. Kurusha kama wanavyofanya Marekani haifai kwetu, kuna ukuta na huoni linaangukia wapi. Wateja wa kudumu wafungiwe kipande cha bomba la plastiki la maji taka, inchi 4, urefu sentimita 35, kwenye nguzo ya geti. Nyuma kizibwe, mdomo uiname kidogo mbele ili maji yasiingie. Gazeti linakunjwa katikati, linaviringishwa, linaingia lote. Ukipita asubuhi unaona kiduara cheupe tu ndani ya bomba, pakavu kabisa. Nawasihi mawakala wote wafanye hivi, gharama yake ni ndogo mno kuliko kumpoteza mteja.

Kihesa_Juu
Kamwene! Huku Iringa tuna mlima wa kutoka Ipogolo kupanda mjini, kwa hiyo hili nalijua. Wengi husema apande kwanza na mzigo, agawe akishuka. Sikubaliani. Ukipanda, kusimama ni bure, baiskeli inasimama yenyewe. Ukigawa unashuka, unafunga breki mara 40, na rimu ya chuma yenye umande haishiki mpaka mpira uifute kwanza. Agawe akipanda, arudi mtupu. Na kabla ya mteremko akamue breki mara mbili tatu kidogo kidogo, maji yatoke.

Glovu ni lazima kwa baridi ya Juni, ila akate ncha ya kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia. Na glovu nzima atatoa magazeti mawili akidhani moja. Mkono ukilowa aufute, wino unahamia kidoleni na kutoka hapo unakwenda kwenye gazeti la mwenzake.

Mlezi_Mafiati
Ndaga fijo wote. Bomba nalinunua kesho. Swali moja: akusanye na hela?

Mama_Kibanda
Hapana. Mteja amlipe wakala kwa simu, kwa wiki au kwa mwezi. Kijana awe na daftari tu, mstari kwa kila nyumba, alama ya vema akishaweka. Nyumba isiyo na mtu alirudishe gazeti likiwa halijafunguliwa. Lililokunjuliwa na kusomwa wakala halipokei.