Tupeane uzoefu: Mnawafundishaje watoto wenu imla nyumbani?

Mama Wawili
Wapendwa, habari za jioni. Mwanangu yuko darasa la pili. Ijumaa karudi na daftari la imla, kapata 3 kwa 10. Kaandika "chakura", "ngombe", "abari". Nilikuwa nimeshapandisha sauti, kisha nikamwambia anisomee. Akasoma vilevile: chakura. Kumsahihisha, nikajisikia mwenyewe natamka chakura! Lugha niliyolelewa nayo haitenganishi l na r. Kiswahili tunakiandika tunavyokitamka, na mtoto kaandika alichokisikia kwa mama yake. Iliniuma.

Basi nikakata boksi la sabuni vipande, nikachora sahani kwenye kimoja na sanduku la kura kwenye kingine. Mimi natamka, yeye ananyanyua picha: kula, au kura? Halafu tunabadilishana, mimi ndiye wa kusikiliza. Akishazipata kwa sikio, anaandika. Sasa tumefika mahali na mahari. Wenzangu mnafanyaje?

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Hapo umeanzia pazuri, mwanangu. Darasa la kwanza nimelifundisha miaka mingi, na wazazi wengi wanakimbilia kumkaririsha mtoto majina ya herufi. Mpe silabi: ba be bi bo bu. Okota vizibo vya soda, kila kimoja andika silabi kwa maka peni: ka, ta, ma, ba, la. Vimwage mkekani. Wajukuu zangu wanaunda kata, taka, bata, kama, lala. Neno likikubaliwa, vizibo ni vyake. Silabi nzito kama mba, nda, nywa na ng'o nazihesabu mara mbili, ndizo wanazozigombania.

Kuhusu ng'ombe, mwambie aivute sauti: ng' inavutika puani muda mrefu, bila kugonga. Ya ngoma ina g inayogonga kooni. Avute, agonge, avute, agonge. Akishaisikia tofauti, ile alama ya juu haisahau, maana anajua inafanya kazi gani.

Baba Binti, Ohio
Huku shida yetu ni nyingine. Binti yangu shuleni anasoma Kiingereza tupu, kwa hiyo kuku aliandika "kookoo" na simba "seemba". Nilimkaririsha, wapi! Kilichosaidia ni bibi yake aliyeko Mombasa. Mtoto anamwandikia ujumbe kwa simu, bibi anamjibu kwa sauti, akisoma herufi kwa herufi kama ulivyoandikwa: "Mjukuu wangu, hii ko-o-ko-o ni mnyama gani?" Binti anacheka mpaka anakaa chini, halafu anaandika upya. Sasa anamwandikia bibi kila Jumapili bila kusukumwa, na kwangu hilo ni kubwa kuliko imla yenyewe.

Shangazi wa Nakuru
Wangu walikuwa wanachanganya th, s na z. Tukatunga sentensi moja: "Samani za zamani zina thamani." Wanaisema mbele ya kioo, kwenye th ulimi uonekane katikati ya meno, ndipo wanaiandika. Dhahabu na zawadi tulifuata njia hiyohiyo.

Mama Wawili
Asanteni sana, nimeandika yote. Bado hiyo h. Anaandika "abari", "akuna", "apa". Nani ana mchezo wa h?

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Chukua kipande cha karatasi nyepesi, akishike karibu na mdomo. Aseme aya, kisha haya. Pumzi ya h itaitikisa karatasi. Kwa maneno mawili kama hayo, linalotikisa mwanzoni ndilo lenye h.

Mama Wawili
Tumejaribu sasa hivi, mwalimu. Kwa "aya" karatasi imetulia, kwa "haya" imepepea. Kachukua penseli mwenyewe, kaandika *habari*, *hakuna*, *hapa*. Mdogo wake naye analia anataka karatasi yake.