Ushauri wa haraka: ninunue foko ya ofseti 44 au nibaki na 51? Usukani unanidondokea nikipanda

Msafiri wa Vumbi (mleta mada):
Wakuu, habari zenu. Nina baiskeli ya milimani, magurudumu inchi 29, foko (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) yenye ofseti ya milimita 51. Nikipanda kilima kwa mwendo wa kobe, usukani unadondoka upande, mara kushoto mara kulia, nikiurudisha unapitiliza. Jana nimeweka mguu chini mara nne kwenye kipande ambacho zamani nilikuwa nakipanda naimba. Nimesoma kwamba baiskeli mpya zinakuja na 44 na zinatulia zaidi. Je, nikiweka ya 44 hili litaisha? Naomba wenye uzoefu, hii kitu inaninyima usingizi.

Spoku 32:
Upepo wa tairi la mbele unajaza kiasi gani? Tairi likilegea usukani unakuwa mzito kama unakoroga uji. Anza hapo kabla ya kutoa hela.

Mama Pedeli:
Mimi yangu ilikuwa inayumba hivyohivyo, nikahangaika miezi miwili, kumbe beringi za kichwa cha fremu zimekufa. Ukigeuza usukani polepole ulikuwa unakwama katikati, tak! Siku moja nikashuka na mteremko, usukani ukagoma kugeuka, nikavunjika mfupa wa bega. Wiki sita kitandani, watoto wananilisha. Nenda kaangalie beringi mwanangu, mambo ya ofseti baadaye.

Msafiri wa Vumbi:
Shikamoo mama, pole sana. Beringi nimezikagua, ni laini. Upepo pia uko sawa, nimepima.

Mzee wa Mteremko:
Kijana, tuanze na maana. Chora mstari unaopita katikati ya shina la foko, ushushe mpaka chini. Utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Umbali kati ya alama hizo mbili ndio treili. Ofseti ni kiasi ambacho ekseli imesogezwa mbele ya mstari huo. Ofseti ikiongezeka, treili inapungua na usukani unakuwa mwepesi. Ikipungua, treili inakua, na gurudumu linapenda kujinyoosha lenyewe ukiwa na kasi. Ila ukienda polepole, treili hiyohiyo ndiyo inayolivuta lidondoke upande. Kwa hiyo tatizo lako nikilisikia, 44 italizidisha. Sasa niambie: hii foko ndiyo iliyokuja na baiskeli?

Msafiri wa Vumbi:
Ofseti ni ileile 51 ya kiwandani mzee.

Mzee wa Mteremko:
Sijauliza ofseti. Nimeuliza foko.

Gia Moja:
Hapo mzee kamkamata koo 😂

Msafiri wa Vumbi:
Sawa. Foko nilibadilisha mwezi uliopita. Ya kwanza ilikuwa inabonyea milimita 130, hii inabonyea 160. Lakini jamani msinirukie. Kwenye mteremko imenipa raha ambayo sijawahi kuipata, mawe yaliyokuwa yananitoa meno sasa nayapita juu kwa juu. Na ya 44 nimeshaitolea kianzio. Nilitaka tu mnithibitishie.

Bwana Kofia Ngumu:
Hili ndilo tatizo la siku hizi. Mtu anaomba ushauri hela ikiwa imeshatoka mfukoni. Fremu ina kiwango chake, na aliyeitengeneza hakukosea kuandika 130. Unaongeza nguvu ya kukunja pale kwenye kichwa cha fremu, ikichanika hakuna wa kukulipa.

Mnyororo Mkavu:
Mimi nasema hii ni chai. Mara foko ya kiwandani, mara kaibadilisha, mara kashalipia nyingine. Mtu aweke foko yenye sentimita tatu za ziada halafu ashangae usukani umebadilika? Weka picha hapa, la sivyo uzi ufungwe.

Gia Moja:
Chai ya rangi au ya maziwa? Mimi nilishaanza kuhesabu treili kwenye karatasi!

Mama Pedeli:
Mwacheni kijana. Aibu ndiyo iliyomfanya afiche.

Msafiri wa Vumbi:
Simu yangu kamera imekufa, wala siwezi kuwalazimisha. Ila nimechukua futi sasa hivi. Kutoka sakafuni hadi katikati ya ekseli ya pedeli ni milimita 350. Karatasi ya fremu inasema 340. Na kile kipete cha mpira kwenye mguu wa foko, kinachoonyesha imebonyea hadi wapi, hata nikishuka pale pabaya kuliko pote, kinaishia chini sana. Juu yake kuna upana wa vidole vitatu ambao haujawahi kuguswa, bado unang'aa.

Mzee wa Mteremko:
Mnyororo Mkavu, hebu angalia hiyo namba. Mbele ukinyanyua milimita 30, pedeli inapanda kama 10 hivi, kwa sababu iko karibu zaidi na gurudumu la nyuma. Anayetunga angesema imepanda 30. Mimi namwamini.

Msafiri, pembe ya kichwa cha fremu, yaani mlalo wa ule mstari wa shina la foko, karatasi inasema digrii ngapi?

Msafiri wa Vumbi:
67.

Mzee wa Mteremko:
Basi sikiliza. Milimita 20 za urefu wa foko hulaza pembe kama digrii moja, kwa hiyo uko kwenye 65.5. Nikichukua nusu kipenyo cha gurudumu 370, treili yako ilikuwa karibu 102. Sasa ni 113. Ukifunga 44 inafika 120. Umeona? Milimita saba za ofseti ni sawa na kulaza pembe digrii moja nyingine. Tena siti nayo imelala nyuma, uzito umehama, gurudumu la mbele limekuwa jepesi kilimani. Waliokuja na ofseti fupi, kama kampuni ya baiskeli ya Transition mwaka 2017, waliibadilisha fremu nzima: mbele ndefu, stemu (kile kishikio cha usukani) fupi. Wewe unachukua namba yao bila fremu yao. Irudishe foko chini, ofseti achana nayo.

Mnyororo Mkavu:
Nafuta kauli kuhusu chai. Samahani mkuu.

Msafiri wa Vumbi:
Lakini mzee, mteremko...

Spoku 32:
Kipete kimeshakujibu, hizo za juu huzitumii.

Msafiri wa Vumbi:
Mrejesho. Fundi kabadilisha fimbo ya upepo ndani ya foko, imeshuka hadi 140, chini ya hapo hii haiendi. Leo asubuhi nimepanda kile kipande, mguu chini mara moja tu, na hiyo ni kwa sababu ya mzizi. Nikishuka, sijaona nilichopoteza. Beringi mama nimezipaka grisi pia. Kianzio cha ile 44 bado sijakifuata.