Data zikivuja, ni maamuzi gani yawe yamefanywa mapema?

Swali
Wadau, salaam. Taasisi ninayoitumikia inatunza taarifa binafsi za wateja wengi, nami nimepewa jukumu la kuandaa mpango wa kukabiliana na uvujaji wa data. Miongozo mingi niliyosoma inaeleza kwa kirefu namna ya kuwazuia wadukuzi, lakini inasema machache kuhusu saa za mwanzo baada ya kugundua kwamba wameshaingia. Je, ni mambo gani yaamuliwe kabla ya tukio?

Jibu la 1
Amueni ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha mfumo muhimu bila kusubiri kikao, na nani atakaimu nafasi hiyo asipopatikana usiku. Seva iliyovamiwa itengwe na mtandao, lakini msiizime kwa pupa, kwa sababu sehemu ya ushahidi imo kwenye kumbukumbu ya muda inayopotea umeme ukikatika. Rekodi za matukio ya mfumo zihifadhiwe mahali ambapo mwenye nywila za seva hiyo hawezi kuzifuta. Namba za simu za wahusika zichapishwe karatasini, maana huenda mvamizi anasoma barua pepe zenu.

Jibu la 2
Nakubaliana, isipokuwa pale ambapo programu hasidi inaendelea kufunga mafaili na mashine haiwezi kutengwa. Hapo kuzima ni afadhali.

Jibu la 3
Mimi ningeanzia nyuma zaidi, kwenye kujua mnamiliki nini. Mwaka 2017, rekebisho la kasoro ya Apache Struts, programu ya kujengea tovuti, lilitolewa mwezi Machi, na ndani ya Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, agizo la kulitumia lilisambazwa. Hata hivyo mfumo mmoja ulisahaulika, na wavamizi wakaupitia kuanzia Mei. Kifaa cha kukagua mawasiliano nacho kilikuwa na cheti cha kidijitali kilichokwisha muda, hivyo data ziliendelea kutoka bila kuonekana hadi cheti kilipohuishwa mwishoni mwa Julai. Watu wapatao milioni 147 waliathirika. Agizo lilikuwepo, hapakuwa na orodha kamili ya mifumo, wala uhakiki kwamba agizo limetekelezwa kila mahali.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Na kuhusu kutoa taarifa, je, tusubiri uchunguzi ukamilike?

Jibu la 4
Msisubiri. Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, inataka mamlaka ijulishwe ndani ya saa 72 tangu taasisi itambue tukio, isipokuwa kama hakuna uwezekano wa watu kudhurika, na inaruhusu maelezo yaliyosalia yafuate kwa awamu. Kuficha kuna gharama yake: Uber ilivamiwa mwaka 2016, ikawalipa wadukuzi dola 100,000, ikanyamaza hadi Novemba 2017, na aliyekuwa mkuu wake wa usalama akatiwa hatiani mwaka 2022. Andaeni mapema rasimu ya barua kwa waathirika, inayosema waziwazi ni taarifa zipi zimetoka na wachukue hatua gani leo, kwani mtu ambaye nywila yake imeibwa anahitaji kuibadilisha kabla hajahitaji kuombwa radhi.