Kwa usalama tu: basi au gari lako mwenyewe?

Msafiri_wa_Zamu
Wakuu, naomba tulipime hili kwa hoja. Safari ni kilomita 40 kwenda, 40 kurudi. Kilomita 25 ni barabara kuu isiyo na ukingo katikati, magari yanapishana uso kwa uso. Basi lipo, ila kituo kiko mita 900 na lazima kuvuka barabara pana. Wiki za zamu ya usiku kazi inaisha saa kumi na moja alfajiri. Gharama tuziache kando. Kipi salama zaidi?

Ekseli
Mkuu, ukihesabu vifo kwa kila kilomita anayosafiri abiria, basi linaliacha gari dogo mbali. Takwimu za Marekani na Ulaya zinakubaliana. Sababu kubwa ni uzito. Basi la tani 12 likigongana na gari la tani moja na nusu, gari dogo ndilo linalosimamishwa au kurudishwa nyuma ghafla, na walio ndani ndio wanaobeba kishindo.

Ila hesabu hiyo inaanza ukishapanda. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Kwa hiyo hofu yako iweke kwenye hizo mita 900. Ukishuka, usikatishe mbele ya basi: dereva anayelipita hakuoni mpaka umeshatokeza kwenye njia yake. Ngoja liondoke kwanza.

Taa_Ndefu
Mimi naona alfajiri ndiyo inayoamua. Mtu aliyekaa macho masaa 17 hadi 19 anachelewa kuitikia kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kusinzia sekunde tatu ni mita 83 gari likijiendea lenyewe, na hapo kwako hakuna ukingo wa kulizuia lisihamie upande wa pili. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Kinachosaidia ni kulala dakika 20 kabla ya kuwasha gari, na hata hivyo ni nafuu ya muda tu.

Na kumbuka, ukienda na gari jioni utalazimika kurudi nalo. Uamuzi unafanyika kabla ya zamu, si baada.

Mkanda_Kiunoni
Nakubali, lakini tusiseme "basi" kana kwamba yote ni sawa. Kabla ya kupanda tazama tairi. Likiwa kipara halikamui maji, na kwenye mvua gari zima linaelea. Nchi nyingi zinataka kina cha mifereji ya tairi kisipungue milimita 1.6. Ukipanda, chagua kiti chenye mkanda unaofunga kweli, katikati ya basi, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Basi likipinduka, wengi hufa kwa kurushwa nje. Mkanda ukae chini, juu ya mifupa ya nyonga, usipite tumboni. Nyundo ya dharura piga kwenye kona ya kioo cha pembeni. Kioo cha mbele kina utando katikati, kitapasuka bila kufunguka.

Dereva akikimbiza, au akianza kulipita gari jingine kwenye kona au kilimani, abiria wote mwambieni kwa pamoja aache. Asiposikia, shuka kituo kinachofuata. Mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4.

Msafiri_wa_Zamu
Asanteni sana. Wiki za usiku ni basi, hilo limeisha. Daraja la waenda kwa miguu lipo mita 300 kupita kituo. Kwenda na kurudi ni kama dakika nane. Za mchana je?

Ekseli
Pitia darajani. Mchana ukiwa umelala vizuri, gari linakubalika: pima upepo tairi zikiwa za baridi, acha sekunde tatu nyuma ya gari la mbele, simu izimwe. Mvua ikinyesha, rudi kwenye basi.