Mtutu mpya wa rifali: uzoeshwe kwanza au upigwe tu?

Mkulima wa Idodi: Kamwene wadau. Shemeji yangu kapata rifali mpya, ya risasi za .30-06, vibali vyote anavyo, nguruwe pori wamemmalizia mahindi. Mimi nashikilia kwamba mtutu mpya lazima uzoeshwe: piga moja, safisha mpaka shaba itoke yote, piga nyingine, safisha, mpaka zifike kumi hivi, ndipo uende tatu tatu kabla ya kusafisha. Kekee inayochonga chemba, pale risasi inapokaa, hukata mifereji ya ndani ya mtutu kwa kuikingama, ikaacha mikwaruzo pale mifereji inapoanzia. Risasi ikipita inakwanguliwa shaba ya ganda lake, na shaba hiyo inaganda mbele. Ukiiacha inarundikana. Krieger wa Marekani, wachonga mitutu, wanaeleza hivyo hivyo. Shemeji anasema namharibia risasi.

Fundi Mwanjelwa: Shemeji yuko sahihi. Gale McMillan naye alichonga mitutu hukohuko Marekani, akasema kuzoesha mtutu kunamfaidi anayeuza mitutu, maana kila risasi inakula umri wa mtutu. Anayemwambia mkulima achomee kichuguu risasi kumi hajawahi kununua hata moja kwa pesa yake. Babu yangu kule Makete alikuwa na gobore, hakulisafisha maisha yake yote, na nguruwe walimtambua.

Mkulima wa Idodi: Sijawahi kununua hata moja? Unanijua? Leseni ninayo na risasi nanunua mwenyewe. Jibu hoja ya kekee, acha mfuko wangu.

Binti Tukuyu: Hilo la gobore halipiti hivi hivi. Masizi ya baruti nyeusi ya gobore yanavuta unyevu. Kwa ukungu wa kwetu, ukilala bila kuosha, asubuhi unakuta kutu. Baba aliosha kwa maji ya moto, akakausha, akapaka mafuta, jioni hiyo hiyo. Kama la babu halikuoshwa, basi Mungu alimlinda tu lisimlipukie.

Fundi Mwanjelwa: Dada, marehemu babu yangu muache apumzike.

Mzee wa Uyole: Mnabishana bure. Wahehe waliteka bunduki za Mjerumani pale Lugalo 1894 wakapigana nazo miaka, hawakuwa na fundi wala dawa ya kuondolea shaba.

Nyalukolo: Mzee wangu, shikamoo, lakini Lugalo ni tarehe 17 Agosti 1891, ndipo Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alipouawa. 1894 ni kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Mkwawa. Na nani kakwambia hawakuzitunza? Jeshi linalomsumbua Mjerumani mpaka 1898 unalisema kama kundi la watu waliookota bunduki njiani!

Mzee wa Uyole: Marahaba. Sijasema waliokota. Nimesema waliteka.

Nyalukolo: Umesema hawakuwa na fundi. Wahunzi wa Uhehe umewafuta kwa sentensi moja.

Askari Mstaafu Mafinga: Kumi au sifuri, sioni tofauti kubwa kwa nguruwe wa hatua hamsini. Kinachoua rifali nyingi ni fito ya kusafishia. Watu wanaiingiza kwa mdomo wa mtutu, inasugua ukingo pale risasi inapotokea, na ukingo ukilika shabaha imekwenda. Toa bolti, ile komeo ya nyuma, ingiza fito kutokea chemba. Dawa ya shaba yenye amonia usiiache ilale humo. Futa, pitisha mafuta, na kabla ya kupiga futa hayo mafuta.

Fundi Mwanjelwa: Hapo umenena, afande. Ila Idodi bado hajasema nani analipia zile kumi.

Mkulima wa Idodi: Nalipia mimi! Umeridhika? Shemeji ni wangu.

Binti Tukuyu: Na ya kekee mbona hujaijibu, Fundi?

Fundi Mwanjelwa: Mikwaruzo hiyo inalainika yenyewe kwa kupigwa, usafishe usisafishe.

Mkulima wa Idodi: Inalainika huku shaba imeifunika? Kivipi?

Nyalukolo: Mzee wa Uyole, bado nasubiri jibu kuhusu wahunzi.